Msumari Mmoja Uliobaki Mtupu

Vijana wangu, siku hizi naona neno la Kiingereza mnalitafuta kwenye simu. Mnaandika herufi tatu, simu inawamwagia maana chungu nzima, mnachukua ile ya juu kabisa, mnaitia simu mfukoni na kusema mmeelewa. Mimi hunyamaza. Nimestaafu, sitaki ugomvi na simu za watu. Lakini juzi mjukuu wangu, ambaye naye ameingia kazi ya ualimu, alikuja kuniuliza: "Koko, zamani mulikuwa munafundisha Kiingereza na nini, kama hamukuwa na vitabu?"

"Na misumari," nikamjibu.

Akacheka mpaka akakohoa. Basi kaeni chini niwaeleze ninyi wote, ili mkicheka mcheke mkijua mnachokicheka.

Jina langu ni Feza. Nilifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Kindu, enzi zile nchi ikiitwa Zaire, chama kikiwa kimoja, na sisi sote tukiitwa sitwaye na sitwayeni, yaani raia, hata mtu akikuomba chumvi dirishani. Darasa langu lilikuwa na ubao uliopasuka katikati. Kamusi ilikuwa moja, yangu mwenyewe, isiyo na jalada. Chaki ikiisha tulitumia muhogo mkavu, na mbuzi wa jirani alijifunza kuingia darasani kula makombo ya sarufi.

Mwalimu aliyenitangulia aliwaachia wanafunzi wangu wimbo. Aliwafundisha kwamba kila neno lina maneno ya maana moja nalo, akayapanga kwa mahadhi, wakayakariri. Neno "run" walikuwa nalo hivi: run, gallop, flow, manage, operate. Waliliimba vizuri sana, na kijana mmoja aitwaye Ramazani alikuwa akipiga dawati kama ngoma. Mimi nikafurahi, nikasema hawa wamepikwa wakaiva. Nikawaambia watunge sentensi.

Ramazani akaandika kwa Kiingereza kwamba akiumwa mafua, pua yake hupiga mbio kama farasi. Mwenzake akaandika kwamba mama yake anatiririka mkahawa karibu na soko. Wa tatu, binti mkimya aitwaye Mwavita, hakuandika kitu. Nikamuuliza kwa nini.

"Mwalimu, haya maneno tano, ni ndugu ao ni majirani tu?" akaniuliza.

Niliwasamehe wote kwa sababu ya swali lile, nikaenda nyumbani nikiwa nimekasirika. Sikuwakasirikia watoto. Nilikasirishwa na wimbo. Mtoto amekaa miaka darasani, ana sauti nzuri, ana kichwa kizuri, halafu unamjaza maneno kama unavyojaza gunia la mpunga, bila kuangalia mpunga wenyewe! Nikaapa kwamba darasa lile halitatoka mikononi mwangu na pua inayopiga mbio kama farasi.

Nilikuwa na mzee mmoja aliyenifundisha kazi kule Bukavu, Mwalimu Kitenge. Alikuwa na sauti ya kukwaruza na koti moja la kila siku. Siku moja nilimletea tafsiri yangu, nikiwa nimejaza maana ya kwanza ya kamusi kila mahali, akanirudishia bila kuisoma. Akaniambia: "Feza, neno ni sawa na mufanyakazi. Usimuulize jina lake, jina unalijua. Uliza: leo anamufanyia nani kazi?" Wakati ule nilimwona mzee anapenda mafumbo. Nilipoiona sentensi ya pua ndipo nilipomwelewa.

Basi hii ndiyo kanuni niliyoianza, na ishikeni hata kama mtasahau mengine yote. Ukilikuta neno, usikimbilie maana. Kwanza uliza: nani? Nani anafanya "run"? Ni mtoto? Anakimbia. Ni mto? Unapita, na ndugu yake hapo ni "flow". Ni mwenye duka? Analiendesha, ndugu yake ni "manage". Ni mashine? Inafanya kazi, ndugu yake ni "operate". Ni pua? Inatoka kamasi, na farasi hana habari. Kila maana ina ndugu zake, na ndugu wa maana moja hawaendi kwenye msiba wa maana nyingine. Nilipomweleza Mwavita hivyo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Na msiwacheke Waingereza. Sisi wenyewe hapa tunasema saa inatembea, mashine inatembea, biashara inatembea. Wao kila kitu chao kinakimbia, sijui walikuwa wanawahi wapi. Ramazani alisema ni baridi ndiyo inayowakimbiza, na nikakosa ushahidi wa kumpinga.

Sasa misumari. Nilikwenda bandarini nikaokota misumari iliyopinda kwenye makreti yaliyovunjwa, mume wangu akainyoosha kwa nyundo. Tukaipigilia kwenye ukuta wa nyuma wa darasa, mmoja kwa kila maana ya neno iliyokuwamo kwenye kamusi yangu. Kanuni ya ukuta ilikuwa hii: msumari haupati kitu mpaka darasa zima litoke, liione maana ile ikitendeka Kindu kwa macho, na lirudi na ushahidi wa kutundika. Kusikia hakukutosha. Kuambiwa na mwalimu hakukutosha pia.

Tukaanza kulitembeza neno mjini. Kwa mshona nguo tulipata kipande cha kikwembe kilichochuja rangi kwenye maji, maana Waingereza husema rangi nayo inafanya "run". Tukakitundika. Kwenye mashine ya kukoboa mpunga tulisimama mpaka masikio yakaziba, tukarudi na mfuko wa makapi. Kwa Mama Salima, aliyekuwa akiuza bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, karibu na soko, wanafunzi waliketi wakamtazama anavyowaamrisha wasichana wake, anavyomfukuza mlevi kwa mwiko, anavyoonja, anavyogombana na muuza kuni, yote kwa wakati mmoja. Ramazani akasema kwa unyenyekevu: "Mwalimu, huyu hatiririke." Mama Salima alitupa mwiko mkongwe, nao ukapata msumari. Chumvi ilipoadimika mjini tulitundika kopo tupu la chumvi, kwa sababu kuishiwa nako kumo ndani ya neno lile, na siku hiyo hapakuwa na haja ya kueleza sana.

Treni ilitusumbua. Kamusi ilisema treni nayo hufanya "run" siku fulani na fulani, maana yake inafanya safari zake. Tukaenda stesheni siku ambayo treni ya kutoka Kibombo ilipaswa kuingia. Haikuingia. Tukarudi wiki iliyofuata, tukaketi juu ya mizigo ya watu, haikuingia. Ramazani akashauri tutundike tiketi tu, mambo yaishe.

"Umeiona treni?" nikamuuliza.

"Hapana, Mwalimu. Lakini sisi wote tunajua treni iko."

"Basi msumari nao utajua. Utangojea kama sisi."

Wakaninunia. Lakini siku treni ilipopiga honi ng'ambo ya miti, darasa zima lilipiga kelele na kuruka, hata mkuu wa stesheni akavaa kofia yake haraka akidhani kuna mkubwa wa serikali ndani ya behewa. Tulitundika kipande cha makaa. Hakuna mwanafunzi wangu aliyeisahau maana ile. Nimekutana nao wakiwa na mvi, wananitajia treni kabla hawajanisalimia vizuri. Ninyi mnaofundisha, msiogope kumngojesha mtoto, kwa sababu kilichongojewa hukaa kichwani.

Lakini mji ni mji. Wanafunzi wangu walisimama kwenye ukingo wa Lualaba wakitazama maji na mashua, wakiambiana maneno kwa lugha isiyojulikana, na mtu akaenda kuwasemea kwa chama. Eti kuna watoto wanachunguza bandari kwa lugha ya wageni. Zama zile neno la namna hiyo lilitosha kumkosesha mtu usingizi. Mkuu wetu wa shule, tuliyemwita Prefe, akaniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, na uoga wakati ule ulikuwa nguo ya kazi.

"Sitwayeni Feza," akasema, "kuanzia leo mutoto hata mumoja asitoke inje ya fensi."

"Prefe, ninafundisha."

"Unafundisha nini, mayi ya muto? Sikia vizuri. Enspekta atatoka Bukavu. Kama hakuridhika, masaa yako ya Kiingereza yote yanaenda kwa animasyo, watoto waimbe na wacheze sifa za chama. Na wewe watakutuma Kampene."

Kampene! Mji wa wachimba madini, na mume wangu kazini hapa kwenye karakana ya reli, na watoto wangu wadogo. Lakini niwaambieni ukweli, kilichoniuma zaidi ni darasa. Walikuwa mwaka wa mwisho, mbele yao kuna mtihani wa Serikali, na Kiingereza kilikuwamo. Kumnyang'anya mtoto masaa yake na kumpa ngoma, halafu kumpeleka kwenye mtihani, huko ni kumtuma shambani bila jembe. Na Mwavita baba yake alikwisha kusema: akianguka mtihani, hakuna mwaka mwingine. Nilitoka ofisini na hasira. Nilifika chini ya bendera nikasimama, nikajisemea: masaa haya hawayachukui. Sikujua nitafanyaje, ila nilijua hawayachukui.

Jibu nililipata nikiwa nimeshika panga. Mnajua salongo, au mmesikia habari zake: kazi ya lazima ya kila Jumamosi, raia wote nje, kufyeka majani, kuzibua mifereji, kufagia barabara. Shule nazo zilitoka. Wanafunzi waliichukia, walimu tuliichukia, kila mmoja alikuwa na shangazi mgonjwa siku ya Jumamosi. Nilikuwa nafyeka pale nyuma ya shule, jasho linanichuruzika, nikawaza: Prefe amekataza kutoka, lakini Jumamosi ni kosa kubaki ndani!

Nikaenda moja kwa moja kwa katibu wa chama wa mtaa wetu, sitwaye Lukali. Alikuwa mtu mnene, mwenye beji kifuani, aliyependa barabara safi kuliko alivyopenda hotuba, na hilo nalihesabu kwa upande wake hadi leo.

"Sitwaye Katibu," nikamwambia, "naomba darasa langu lipewe sehemu yake ya salongo."

"Sehemu gani?"

"Kutoka stesheni mpaka bandarini. Yote. Na soko pia tutapitia."

Alinitazama kama nimeugua. "Tangu nianze hii kazi," akasema polepole, "hakuna muntu hata mumoja alikuja kuniomba salongo. Watu wananikimbia."

"Sisi tunaomba."

Akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili. Kumbe ndiye aliyempokea yule aliyetusemea, lakini akasahau yote, maana njia ya stesheni ilikuwa imemshinda.

Kuanzia hapo kila Jumamosi mji mzima ulikuwa wetu. Tulifyeka kweli, msidhani tulidanganya. Darasa linalolitembeza neno kwa panga mkononi hujifunza kwa mwili mzima. Barabara ile inayokwenda sambamba na mto, nayo kwa Kiingereza hufanya "run" kando ya maji, tuliilima kwa majembe yetu wenyewe, na msumari wake ulipata kipande cha panga kilichovunjikia pale. Mfereji uliokuwa umeziba tuliuzibua, maji yakaondoka kwa kishindo, na Mwavita akaruka pembeni akipiga kelele neno lile lile kwa sauti ambayo wimbo wa zamani haukuwahi kuitoa. Katibu Lukali alikuwa akipita kwa kinga yake, baiskeli nyekundu, akitusifu kwa watu: "Muone darasa la Kiingereza! Muone mufano!" Prefe alimeza mate. Angesema nini?

Ukuta ukajaa. Ukabaki msumari mmoja.

Maana ile ilikuwa chini kabisa ya ukurasa. Niliisoma nikiwa nyumbani, nikafunga kamusi, nikaifungua tena. Ilisema kwamba mtu akitaka cheo, na wenzake wakakitaka pia, wakaenda mbele ya watu ili watu wachague, basi kila mmoja wao anafanya "run". Anagombea. Ningeweza kuiruka. Hakuna ambaye angejua, kamusi ilikuwa yangu peke yangu. Lakini nilikuwa nimewaambia watoto kwamba kila maana ina msumari wake, na mtoto ukimpunja maana moja kwa woga, kesho utampunja nyingine kwa uvivu. Nikawaeleza. Niliifunga milango kwanza, lakini nikawaeleza.

Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka: uchaguzi wetu ulikuwa wa jina moja. Ulikwenda, ukakubali, ukarudi.

Ramazani akanyoosha kidole taratibu. "Mwalimu, na kama anakimbia mumoja tu, ile inaitwa nini?"

Wengine wakacheka, halafu wote wakaacha kucheka kwa pamoja, wakaangalia dirishani.

"Tutundike nini sasa?" akauliza Mwavita.

"Umeiona Kindu?"

"Hapana."

"Basi unajua kanuni."

Wakauacha. Hakuna aliyeutaja tena. Lakini kila nilipogeuka kutoka ubaoni nilimwona mmoja au wawili wanautazama.

Enspekta alifika Ijumaa kwa ndege, na Jumamosi asubuhi akaja shuleni bila kutuambia. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, aliyejifunza Kiingereza kweli, si cha wimbo. Akalikuta darasa tupu. Prefe, jasho likimtoka, akamweleza kwamba ni salongo. Enspekta akasimama peke yake mbele ya ukuta wangu: kikwembe, makapi, mwiko, kopo, kaa la treni, panga lililovunjika. Prefe ndiye aliyenisimulia haya baadaye. Aliuliza tu sisi tuko wapi.

Walitukuta ukingoni mwa mto, tumesimama na majembe, tope mpaka magotini. Niliwaona kwa mbali nikajua ni leo. Nikakaza uso. Nikawaambia wanafunzi kwa Kiingereza: simameni wima, na mkiulizwa, ulizeni nani.

Enspekta akanisalimia, akawageukia. Akawaambia kwa Kiingereza wampe neno lenye maana sawa na "run". Hivyo tu. Ndivyo mitihani ilivyouliza siku zote.

Prefe akafumba macho. Mimi nikahisi Kampene inaninukia puani.

Mwavita akapiga hatua moja mbele. "Nani, Bwana?" akauliza kwa Kiingereza. "Nani anakimbia?"

"Huyu mutoto anamujibu Enspekta na ulizo!" Prefe akanong'ona kwa uchungu.

Lakini Enspekta alikuwa amevua miwani. Akaelekeza kidole kwenye maji. Mwavita akampa neno la maji. Akaelekeza kwenye boti iliyokuwa ikingurumisha injini, Ramazani akampa neno la injini, akaongeza la nahodha anayeiendesha, na la mafuta yatakayoiishia kabla ya Ubundu. Watu wakacheka. Enspekta akaelekeza barabara, akaelekeza mtoto mdogo mwenye kamasi aliyekuja kushangaa, akaelekeza kila kitu kilichokuwapo pale, na darasa langu, tope magotini, likamjibu bila kukosea, kila mmoja na neno lake na ndugu zake. Sijapata kuwa na fahari kama ile. Nasema hadharani: nililia, nikajifuta kwa mkono wenye udongo.

Wakati huo Katibu Lukali akafika kwa kinga yake, akaja kumsalimu mgeni na kusikiliza. Kwa heshima yake Enspekta akahamia Kiswahili.

"Darasa lako nimeliona, sitwayeni," akaniambia. Halafu akawageukia watoto. "Lakini kule ukutani kuna musumari mumoja hauna kitu. Ule njo wa nini?"

Majembe yote yalinyamaza. Mwavita alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Ule njo wa kitu hatujaona, Sitwaye Enspekta. Kitu hatujaona, hatutundike."

"Kitu gani?" Lukali akadakia, ameudhika kwa niaba ya mji. "Kitu gani hakuna hapa Kindu? Chama kilileta kila kitu!"

Nilimwona Enspekta akimtazama Mwavita, halafu mimi, halafu beji ya Lukali, na nikaona jinsi kamusi inavyofunguka kichwani mwake, ukurasa kwa ukurasa, mpaka chini kabisa. Uso wake ukabadilika. Neno moja lake lingetosha kutupeleka mahali pabaya kuliko Kampene, mimi na yule binti. Akavaa miwani yake.

"Njo treni," akasema. "Treni yenye kufika siku yake."

Lukali akabaki mdomo wazi. Kisha akaangua kicheko, tumbo likitikisika, akimpiga Enspekta begani. "Ah, ile! Ile hata mimi mwenyewe sijaiona!" Ukingo mzima ukacheka, hata Prefe, na darasa langu lilicheka kwa sauti ya watu waliotolewa majini.

Tulipokuwa tukirudi shuleni Enspekta alipunguza mwendo mpaka tukabaki nyuma, mimi naye. Akaniambia kwamba masaa yangu yatabaki, nami nitabaki. Nikamshukuru.

"Ule musumari," akasema bila kunitazama, "usiutoe."

"Sitautoa, sitwaye."

"Na usitundike kitu kingine juu yake. Hata kama watakuuliza."

Hatukuonana tena. Mtihani wa Serikali ulikuja, Mwavita akafaulu, Ramazani naye akafaulu kwa kushangaza watu wote pamoja na yeye mwenyewe. Madarasa mengine yakaja, maneno mengine, vitu vingine ukutani. Shule ilipakwa rangi, ikapasuka, ikapakwa tena, na kila mara nilisimama kando ya wapaka rangi kuwaambia: zungusheni burashi hapo. Siku niliyostaafu nilikuja na nyundo, nikaung'oa msumari ule, nikauleta nyumbani, nikaupigilia pale juu ya kiti changu. Mume wangu aliniuliza ni wa nini. Nikamwambia kazi haijaisha.

Zaire ikaisha, tukapita katika mengi ambayo leo sitayasimulia, na siku moja karatasi za uchaguzi zikaja Kindu zikiwa na nyuso nyingi hata watu wakapotea kwa kuzitazama. Jioni moja mwanamke mzima alibisha hodi hapa. Nilimjua kwa jinsi alivyosimama kabla ya kusema. Alikuwa na karatasi kubwa imekunjwa kwapani.

"Mama Mwalimu," Mwavita akasema, "ule musumari uko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaikunjua karatasi: picha yake, jina lake, namba yake, anaomba kiti. Akaitoboa juu taratibu, akaitundika mwenyewe, kisha tukakaa chini tukaitazama, mwanafunzi na mwalimu wake.

Picha ndiyo ile mnayoiona, imeanza kupauka. Wageni wakiingia huniuliza kama alishinda, nami huwajibu kwamba alishindwa, na kwamba alikwenda mbele ya watu kumpa mkono yule aliyemshinda, nikiwapo. Basi wao husema: kama alishindwa, Mama Mwalimu, kwa nini picha bado iko ukutani? Kwa sababu neno halikuuliza nani alifika wa kwanza. Liliuliza nani anakimbia. Darasa langu lilingoja maana ile itendeke Kindu, kwa macho, na nimeiona.